Nimeombwa kutia sahihi waraka wa kupinga mswada wa sigara za kielektroniki, naomba ushauri

Mkaazi_wa_Nyali

Salamu kwenu nyote. Nilivuta sigara ya kawaida tangu ujanani, na baada ya njia nyingine zote kunishinda, kilichonivusha ni sigara ya kielektroniki. Ndiyo maana jambo hili linanigusa.

Kama mjuavyo, Mswada wa Marekebisho ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku wa 2024, uliowasilishwa na Seneta Catherine Mumma, unataka sheria ya 2007 ipanuliwe ili iziguse sigara za kielektroniki na vifuko vya nikotini vya kubana mdomoni, bidhaa ambazo hazikuwa zimezagaa nchini Kenya sheria hiyo ilipotungwa. Lililowakera zaidi watumiaji wenzangu ni pendekezo la kuzibana ladha. Wanauliza, nami nauliza pamoja nao, inakuwaje Serikali iliyopandisha ushuru wa kimiminika cha nikotini kutoka Sh70 hadi Sh100 kwa mililita mwishoni mwa 2024 iizungumzie leo bidhaa hiyo hiyo kana kwamba iliingia kwa magendo.

Katika kundi letu umesambazwa waraka wa pamoja wa kupelekwa Seneti. Ukurasa wa kwanza ni matusi matupu kwa Seneta. Wa pili unadai kwamba mvuke huu hauna madhara yoyote na kwamba hakuna mtoto wa Kenya anayeutumia. Hilo la mwisho siwezi kulitilia sahihi. Dada yangu ni mwalimu wa shule ya upili, na nimeviona kwa macho yangu vifaa alivyowanyang'anya wanafunzi wa kidato cha pili. Kimoja kilikuwa cha rangi ya waridi, kifupi na kinene kama kalamu ya kupigia mistari ya rangi, kina tundu la kuchajia kama la simu, na ukikinusa kinanukia embe bivu. Dada yangu ameukasirikia mswada kwa sababu umechelewa. Wenzangu wameukasirikia kwa sababu umekuja.

Je, nitie sahihi ili tuonekane wengi, au niandike waraka wangu mwenyewe? Na nikiandika, niseme nini ambacho kamati ya Seneti itakisikiliza?

Mama_wa_Kisauni

Kaka, hongera kwa kuiacha sigara, na usitie sahihi uongo. Ila nawe ujiulize: hizo ladha za pipi na biskuti hutengenezwa kwa ajili ya mtu mzima anayetaka kuacha sigara, au kwa ajili ya mtoto ambaye hajawahi kuvuta chochote? Sisi wazazi pia tumekasirika, na hasira yetu haijaandikiwa waraka na mtu yeyote.

Mvuke_Nairobi

Mimi nakushauri utie sahihi. Waliotoa maoni kwa utaratibu kuhusu Mswada wa Fedha wa 2024 walisikilizwa lini kabla ya vijana kujaa barabarani mwezi Juni? Idadi ndiyo inayosikika. Kinachoniuma ni kwamba sigara ya kuwashwa, ambayo kila mtu anajua inaua, itabaki kwenye kila kibanda, tena ikiuzwa mojamoja ingawa sheria ya 2007 imekataza, huku mtu aliyejinasua kwa msaada wa mvuke akiondolewa kile kilichomshika mkono. Nina rafiki aliyeniambia wazi kwamba ikibaki ladha ya tumbaku peke yake atarudi kwenye pakiti. Hilo si tishio la kubuni, ni mtu ninayemjua.

Wakili_wa_Mtaa

Ndugu Mkaazi, andika waraka wako, na uuandike kwa kufuata vifungu vya mswada. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi katika kazi yake ya kutunga sheria, na matangazo ya Seneti huelekeza maoni yapelekwe kwa Karani. Anayeyachambua maoni hayo huyapanga kifungu kwa kifungu, kwa hiyo ukurasa mzima wa matusi hauna mahali pa kuwekwa. Mwenzetu wa Nairobi ana haki ya kukata tamaa baada ya yaliyotokea 2024, lakini mswada huu hauishii Seneti. Ukipita huko, utakwenda Bunge la Taifa, na hoja iliyoandikwa vizuri inaweza kutumika tena huko.

Jambo la pili nalisisitiza kuliko yote. Kabla ya kutia sahihi waraka wowote, uliza nani aliuandika na nani anagharimia uchapishaji na usafiri wa watakaoupeleka. Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014 zinaweka masharti kuhusu jinsi maafisa wa umma wanavyokutana na sekta ya tumbaku, na kampuni ya sigara ya BAT Kenya ilizipinga kanuni hizo kuanzia Mahakama Kuu, ikaenda Mahakama ya Rufani, hadi Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa yake Novemba 2019. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo, na haikufaulu. Kampuni inayouza sigara na vifuko vya nikotini kwa pamoja ina maslahi yasiyolingana na ya mtu aliyeacha sigara, hata pale wawili hao wanapotamka sentensi ileile. Kwa hiyo eleza kwenye aya ya kwanza kwamba hulipwi na mtu.

Tatu, hoja ya sigara za mojamoja ni nzito, lakini imetumiwa vibaya. Usiseme "kwa kuwa sheria ya zamani haitekelezwi, msitunge mpya." Sema mswada utaje nani atakagua maduka, na kaunti zitapewa fedha gani za kazi hiyo.

Nakawa_Kampala

Huku Uganda sheria ya 2015 ilipiga marufuku sigara za kielektroniki moja kwa moja, na tumbaku haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 21. Bado vifaa hivyo utavikuta vikiuzwa kwa siri, na anayeuza kwa siri haulizi umri. Wenzetu wa Kenya mnajadili udhibiti. Msiuite marufuku, kwa sababu tofauti yake ni kubwa.

Muuguzi_Leicester

Nafanya kazi Uingereza, ambako mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Mwaka 2023 serikali ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji sigara hadi milioni moja vifaa vya kuanzia mvuke ili waache tumbaku, kisha kuanzia tarehe 1 Juni 2025 ikakataza uuzaji wa vile vya kutumia na kutupa, ambavyo vijana walikuwa wakivipenda sana. Nikotini haizidi miligramu 20 kwa mililita. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yanaonyesha kwamba sigara za kielektroniki zenye nikotini huwasaidia watu wengi zaidi kuacha kuvuta kuliko bandiko la ngozi au ubani wa kutafuna wenye nikotini, na hilo unaweza kuliandika bila woga. Usiandike kwamba hazina madhara. Nikotini hutia uraibu, na ubongo wa kijana wa miaka 15 bado unakua.

Mkaazi_wa_Nyali

Nawashukuru sana. Sitatia sahihi ule waraka, na nilipouliza kundini nani aliuandika, sikujibiwa. Rasimu yangu inaanza hivi:

"Mimi ni mkazi wa Kaunti ya Mombasa, niliyeacha sigara kwa kutumia sigara ya kielektroniki, na silipwi na kampuni yoyote. Naunga mkono bidhaa hizi kuwekwa chini ya sheria, zisiuzwe kwa walio chini ya miaka 18, na vifaa vya kutupwa vyenye ladha za peremende viondolewe madukani. Naomba Kamati ibakize ladha chache, zisizotangazwa kwa picha wala rangi, kwa maduka yenye leseni yanayokagua kitambulisho, ili mtu mzima aliyeacha sigara awe na njia salama ya kutorudi nyuma."

Wakili_wa_Mtaa

Ni nzuri. Ondoa neno "salama" uweke "yenye madhara pungufu kuliko sigara ya kuwashwa", maana hilo ndilo unaloweza kulithibitisha. Taja namba ya kifungu cha ladha kama ilivyo kwenye nakala ya mswada, uandike maneno unayotaka yawekwe badala yake, kisha umwombe dada yako naye apeleke waraka wake kuhusu aliyoyaona shuleni, bila kutaja jina la mwanafunzi yeyote.