Ajali ya pikipiki, mguu una chuma ndani na bima wanataka nisaini haraka. Nifanyeje?

Mpanda_Taratibu:
Wakuu habari zenu. Mnisamehe kama uzi utakuwa mrefu, muda ninao mwingi kuliko nilivyozoea, hii ni wiki ya tisa niko ndani na magongo.

Nilikuwa natoka kazini jioni, mwanga bado upo, taa ya mbele nimewasha, helmeti nimevaa na mkanda nimefunga, barabara imenyooka kabisa. Gari lililokuwa linakuja upande wa pili likakata kuingia barabara ya pembeni, puani kwangu. Nikabana breki zote mbili, tairi la nyuma likateleza, nikampiga ubavuni usawa wa mlango wa abiria. Nakumbuka mlio, halafu nakumbuka lami iko karibu sana na jicho, halafu kuna mtu anapiga kelele msimvue helmeti, msimvue. Dereva kasimama pembeni anarudia maneno yaleyale, sikumuona jamani, sikumuona.

Mifupa yote miwili chini ya goti ilivunjika na mmoja ukatoboa ngozi. Nikapasuliwa usiku uleule, nikawekewa chuma ndani ya mfupa na skrubu juu na chini. Mkono na nyonga vilichubuka vibaya ila vimepona.

Sasa kilichonileta. Bima ya yule dereva wamenipigia mara tatu, dada mmoja mwenye sauti ya upole sana, anasema hela ipo tayari, nisaini hati ya malipo kamili na ya mwisho, wiki ijayo inaingia kwenye akaunti. Hiyo hela inafuta deni la hospitali na kinabaki kidogo, na mimi sijaingiza kitu miezi miwili, kwa hiyo msinione mjinga nikiitamani. Anataka pia anirekodi kwenye simu nikieleza ajali ilivyotokea. Kinachoninyima usingizi ni kwamba spidi nilikuwa nimezidisha. Sio sana, lakini nilizidisha. Niseme ninyamaze? Dereva mwenyewe ana kesi ya kuendesha kwa uzembe, kuna wanaoniambia nisubiri iishe ndio nidai, wengine wanasema nikisubiri nitakosa vyote.

Na swali la mwisho, labda la kijinga, mbona goti ndilo linaloniuma wakati kilichovunjika kiko chini ya goti?

Kipara_wa_Gia:
Pole sana mkuu. Usisaini.

Sikwambii kwa kusoma mahali, nakwambia kwa sababu mimi nilisaini. Wiki ya kumi, mfupa huohuo wako, sauti ya upole hiyohiyo, na mimi nilikuwa na madeni kama wewe. Nikaona bora nimalize nianze maisha. Mwezi wa sita nikipiga eksirei daktari ananyamaza tu anaangalia picha, mwisho ananiambia mfupa haujaunga. Mwezi wa nane nikarudi kupasuliwa, wakatoa chuma wakaweka kinene zaidi na wakachukua mfupa kidogo kwenye nyonga wakaja kupachika kule chini, na nikakaa tena miezi bila kazi. Nikawarudia bima. Wakanisomea sahihi yangu mwenyewe. Ile hati inasema umepokea na hutadai tena chochote kinachotokana na ajali ile, kinachojulikana na kisichojulikana, na nilikuwa nimesaini nikiwa na akili zangu timamu, sasa ningelalamika kwa nani.

Mfupa wa muundi ukivunjika na kutoboa ngozi huwa unachelewa kuunga, na nafasi ya kupata maambukizi ni kubwa kuliko ukivunjikia ndani. Wewe wiki ya tisa hujui bado mguu wako utakuwaje. Wao wanajua kwamba hujui, ndio maana simu tatu.

Sigara unavuta? Mimi nilikuwa navuta na daktari alinitukana kistaarabu. Sigara inachelewesha mfupa kuunga, hilo halina ubishi.

Dada_wa_Viungo:
Pole kaka. Mimi kazi yangu ni kuwatembeza watu kama wewe tena, ngoja nianze na goti kwa sababu swali lako sio la kijinga hata kidogo.

Kile chuma huwa kinaingizwa kwa juu, hapo mbele ya goti, kinashuka ndani ya mfupa mpaka karibu na kifundo. Maumivu ya mbele ya goti baada ya upasuaji huo ni malalamiko ya kawaida sana, hasa ukipiga magoti au ukipanda ngazi. Kwa wengi yanapungua, kwa wengine yanabaki miaka. Mwambie daktari ayaandike kwenye faili, usimwambie kwa mdomo tu ukiwa unatoka mlangoni.

Mfupa wenyewe kwa mtu mzima mara nyingi unachukua miezi minne mpaka sita, wa kutoboa ngozi unaweza kuzidi hapo, kwa hiyo wiki tisa wala hujachelewa. Lakini usikae ukisubiri mfupa huku viungo vinaganda. Kama daktari amekuruhusu kukanyaga basi kanyaga kwa kiasi alichokwambia, kunja goti na ulinyooshe kabisa, vuta nyayo ije kwako mara nyingi kwa siku, kaza paja ukiwa umelala. Pima paja lako kwa futi ya fundi cherehani utashangaa limesinyaa kiasi gani kulinganisha na lile zima. Andika hizo namba na tarehe, nakwambia kama mtu wa mazoezi lakini nimeona wateja wangu wakiulizwa vitu hivyo mahakamani.

Mguu kuvimba jioni ni kawaida, uinue juu ya usawa wa moyo. Lakini nyama ya nyuma ya mguu ikivimba ghafla ikawa ngumu, ya moto na inauma, au ukaanza kukosa pumzi, kifua kinachoma, unakohoa damu, hapo usiandike uzi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu ikapanda mapafuni na inaua. Na kama kidonda kinatoa maji au usaha, au umeshikwa na homa, nalo usisubiri miadi.

Lami_Kavu:
Mimi nitasema ambalo wengine wanaogopa. Ulizidisha spidi, sasa unataka kulipwa na mwenzio. Sisi waendesha pikipiki ndio tunajiua, kila siku mnapenya katikati ya magari halafu mkigongwa mnakimbilia fidia. Chukua hela waliyokupa ushukuru Mungu uko hai.

Kipara_wa_Gia:
@Lami_Kavu soma alichoandika. Hakupenya popote, alikuwa kwenye njia yake na gari likakata mbele yake. Huyo jamaa hata angekuwa kwenye spidi halali bado gari lingekata.

Karani_Mstaafu:
Nimefanya kazi kwenye ofisi ya mawakili miaka mingi, mafaili ya ajali nimeyabeba mpaka mgongo ukapinda. Sio wakili, na sheria zinatofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo hiki ni cha kukusaidia kuuliza maswali, wakili mtafute.

Nianze na ndugu Lami_Kavu maana ana nusu ya hoja. Ajali ya namna hii, gari kukata mbele ya pikipiki inayokuja moja kwa moja, ni ya siku nyingi na inafahamika. Marekani mwaka 1981 ilitoka ripoti inayoitwa Hurt, kwa jina la profesa aliyeiongoza, walichunguza ajali za pikipiki zaidi ya 900 eneo la Los Angeles, wakakuta pale ambapo pikipiki imegongana na chombo kingine, mara mbili kati ya tatu aliyevunja haki ya kupita ni dereva wa kile chombo kingine. Na neno lao huwa hilohilo, sikumuona. Pikipiki ni nyembamba, inajificha hata nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele, na jicho linakosea kukadiria iko mbali kiasi gani na inakuja kwa kasi gani. Lakini mkuu, "sikumuona" sio utetezi. Aliyepaswa kuangalia kabla ya kukata ni yeye, na akisema hakukuona amekubali kwamba hakuangalia vya kutosha. Kama kuna shahidi aliyemsikia akisema pale, mtafute leo.

Sasa spidi. Nchi nyingi kosa hugawanywa. Mahakama ikiona wewe umechangia asilimia 20 unapata 80 ya unachostahili. Ila sio kote, kwa mfano jimbo la Alabama kule Marekani ukichangia hata kidogo unaweza kukosa chote, ndio maana nasema muulize wakili wa hapo ulipo. Helmeti nayo ina mchango wake, Uingereza kuna kesi ya mwaka 1971 ya jamaa aliyekuwa kwenye pikipiki ndogo bila helmeti, kosa la ajali lilikuwa la dereva wa gari lakini fidia yake ikakatwa asilimia 15 kwa sababu kichwa kingeumia kidogo kama angevaa. Wewe ulivaa, itunze hiyo helmeti na mikwaruzo yake kama ushahidi, na usiivae tena, ile povu ngumu ya ndani ikishapokea kishindo kimoja kazi yake imekwisha hata kama nje inang'aa.

Kuhusu kusema au kunyamaza: usidanganye, popote, kwa yeyote. Alama za breki barabarani na jinsi vyuma vilivyojikunja vinaweza kumpa mtaalamu makadirio ya spidi, ukikamatwa na uongo mmoja hata ukweli wako mwingine hautaaminika. Lakini kutodanganya sio sawa na kumkubalia mtu wa bima ya upande wa pili akurekodi ukiwa umemeza dawa za maumivu, ukaanza kukisia namba. Mwambie kwa adabu kwamba maelezo yatapitia kwa wakili. Wakili wako mwambie yote, na spidi iwe ya kwanza.

Kesi ya dereva ni ya jinai, ni baina ya serikali na yeye. Ya kwako ni ya madai. Ni vitu viwili. Akitiwa hatiani inakusaidia, akiachiwa haikuui, kwa sababu jinai inataka kuthibitishwa bila kuacha shaka na madai yanaangalia uzito umeegemea wapi. Hatari ya kusubiri ni ukomo wa muda. England kwa majeraha ni miaka 3, California ni 2, kwingine ni tofauti na kuna sehemu unatakiwa kutoa notisi mapema zaidi. Nimeona faili zuri, majeraha mazito, kosa liko wazi, limekufa kwa sababu mtu alisubiri jinai iishe na jinai ikaahirishwa na kuahirishwa. Uliza tarehe yako ya mwisho ni ipi, iandike ukutani.

Na kamera. Maduka na ofisi zinazotazama pale zinafuta picha baada ya siku au wiki chache, wiki tisa huenda umechelewa ila mtume mtu akaulize. Pikipiki usiitengeneze wala kuiuza mpaka ikaguliwe na kupigwa picha. Chukua nakala ya ripoti ya polisi na ule mchoro, uusome, kama njia yako imechorwa upande usio wako lalamika sasa na sio miaka miwili mbele.

Ah na jingine, usiposti picha umesimama bila magongo eti unawapa watu moyo. Nimeona picha ya sekunde moja ikisomwa mahakamani kama cheti cha daktari.

Mpanda_Taratibu:
Mungu awabariki. @Karani_Mstaafu na hela ya hospitali je? Nina bima ya afya ndogo iliyolipa sehemu.

Karani_Mstaafu:
Huenda wakataka kurudishiwa kwenye fidia yako, soma mkataba. Ndio sababu nyingine ya kutokubali hela inayofuta deni la leo tu. Unahesabu matibabu yaliyopita na yajayo, kipato ulichokosa na utakachokosa, nauli za kliniki, aliyekaa kukuuguza, na maumivu yenyewe. Weka daftari, mistari miwili kila siku inatosha. Kuhusu malipo ya wakili, kuna nchi anachukua asilimia mkishinda na kuna nchi hairuhusiwi, mkubaliane kwa maandishi kabla hajagusa faili.

Wima_Tena:
Pole kaka. Hakuna aliyeuliza kuhusu usiku. Unalala?

Mpanda_Taratibu:
Dada umenigusa. Silali. Nikifumba macho naiona indiketa ya lile gari inawaka, na sina hata uhakika kama iliwaka kweli. Juzi nimekaa kiti cha nyuma kwenye gari la shemeji, gari likatokea pembeni, nikakanyaga breki isiyokuwepo kwa mguu mbovu.

Wima_Tena:
Mimi nilikanyaga breki hiyo miezi mitano. Mwezi wa kwanza akili inafanya hivyo kwa watu wengi na inatulia yenyewe, ila ikipita mwezi na bado ndoto, kushtuka, kukwepa barabara, hilo ni tatizo lenye jina na lina tiba, mwone mtaalamu wa saikolojia. Mimi nilidhani ni uoga nikaona aibu. Mwambie daktari na liingie kwenye faili kama mguu ulivyoingia, nalo ni jeraha. Na kama kichwa kiligonga na unasahau vitu au mwanga unakukera, lisemee na hilo.

Mpanda_Taratibu:
Mrejesho wakuu. Yule dada wa bima kapiga tena leo asubuhi, nikamwambia sisaini na sirekodiwi, wakili nitakayempata atawaandikia. Akanyamaza kidogo halafu akauliza kama tarehe ya mwezi ujao ingenifaa zaidi, na kwamba "kiasi kinaweza kuangaliwa upya". Sauti bado ya upole. Alhamisi naonana na wakili, shemeji ataniendesha, nimemwomba apite barabara ya nyuma. Paja zima sentimita 52, la mguu mbovu 47. Nimeandika.