Mzazi kuchezesha mechi ya mwanawe: niendelee au nirudishe filimbi?

Baba wa Namba Saba (Uyole, Mbeya)

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina mtoto wa miaka 11 anayecheza katika timu ya watoto ya mtaani kwetu, na kwa kuwa timu hizi hazina fedha za kumlipa mwamuzi aliyesomea, wazazi tulikubaliana kupokezana kuchezesha mechi za Jumamosi. Zamu yangu iliangukia wiki iliyopita, katika baridi hii ya Julai ambayo mtu huiona pumzi yake mwenyewe, kwenye uwanja ambao mistari yake tuliichora kwa majivu baada ya chokaa kuisha.

Muda mfupi kabla ya mapumziko mwanangu aliwapita mabeki wawili, akaingia kwenye eneo la hatari, akakwatuliwa na beki wa tatu. Nilikuwa hatua kumi hivi kutoka pale, na filimbi ilikuwa tayari mdomoni. Sikuipuliza. Wazazi wa timu pinzani walikuwa wamejipanga upande ule wote wakinitazama, nami nikayasikia kichwani maneno ambayo hata hawakuwa wameyasema, nikanyoosha mikono mbele kuonyesha kwamba naachia faida, yaani mchezo uendelee kwa sababu timu iliyochezewa faulo bado inanufaika, ilhali mpira ulikuwa unaelekea nje na hapakuwa na faida yoyote ya kuachia. Tulifungwa 1–0. Kutoka uwanjani hadi nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini, na mtoto alitembea mbele yangu njia nzima, njumu mkononi, bila kugeuka nyuma.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu: je, ni sahihi mzazi kuchezesha mechi ambayo mwanawe yumo? Na kwa mtu kama mimi, ambaye mpira nimeujua kwa kuutazama tu, nianzie wapi kujifunza sheria bila kuwaharibia watoto mchezo?

Kipenga Mstaafu (Iringa)

Kamwene, Baba wa Namba Saba. Nimechezesha mpira kwa zaidi ya miaka ishirini, kuanzia mabonanza ya vijijini hadi mechi za UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, na hilo lililokupata nimeliona mara nyingi kuliko lile ambalo watu huliogopa. Watu huogopa kwamba mzazi atambeba mwanawe. Kwa niliyoyaona mimi, mzazi mwenye aibu humwonea mwanawe, kwa sababu anataka kila aliyesimama pembeni ashuhudie kwamba hapendelei. Kwa hiyo usijiapize kuwa mwadilifu zaidi wiki ijayo, maana ulikuwa unajaribu kuwa mwadilifu ndipo ukakosea. Badilishana zamu: wewe uchezeshe mechi ambayo mwanao hayumo, na mzazi wa timu nyingine aje kwenye yenu.

Kuhusu ile ishara ya faida, ulikuwa na njia ya kutokea ambayo hukuijua. Sheria inamruhusu mwamuzi aliyeachia faida kurudi kwenye kosa ikiwa faida aliyoitarajia haikupatikana papo hapo au ndani ya sekunde chache. Mpira ulipotoka nje, ungeweza kupuliza na kuonyesha kidole kwenye alama ya penalti, na usingekuwa umevunja sheria yoyote. Filimbi iliyochelewa kidogo si ya aibu, mradi isichelewe mpaka mpira urushwe na mchezo uanze upya.

Sheria za mpira wa miguu ziko 17, na hutazimaliza kwa wiki moja. Anza na ya 12, inayohusu faulo na utovu wa nidhamu, kisha ya 11, ya kuotea, kwa sababu hapo ndipo kelele zote zinapotoka. Kinachoangaliwa ni mahali mchezaji alipo wakati mwenzake anapougusa au kuupiga mpira, si mahali anapoupokelea, na hakuna kosa la kuotea ikiwa ameupokea moja kwa moja kutoka kwenye goli kiki, kona au mpira wa kurusha. Wazazi walioshika vibendera waambie wavipandishe pale tu mpira unapotoka nje. Kuotea amua mwenyewe, kwa sababu mzazi anayemshangilia mwanawe hawezi wakati huohuo kutazama mstari wa beki wa mwisho. Halafu usisimame kwenye duara la katikati kama mlingoti. Kimbia kwa mshazari, kutoka kona moja ya uwanja kuelekea ya upande wa pili, ili mchezo ubaki kati yako na mshika kibendera.

Jambo jingine ni kwamba wazazi wengi tulijifunza sheria za zamani. Tangu mwaka 2019, goli kiki huwa mchezoni mara mpira unapopigwa na kusogea, wala haulazimiki kutoka kwanza kwenye eneo la hatari. Nimemwona mzazi mmoja akiwarudishia watoto goli kiki ileile mara tatu, mpaka kipa akaanza kulia. Na mpira ukikugonga wewe mwamuzi ukaingia golini, ukabadilisha timu inayoumiliki au ukaanzisha shambulizi la maana, simamisha mchezo uudondoshe. Kwenye viwanja vyetu vya mabonde na vichuguu litakutokea.

Mama Watatu (Mafinga)

Shikamoo, Kipenga Mstaafu, na pole sana, Baba wa Namba Saba. Mimi ni mama ninayechezesha watoto wa chini ya miaka 12, na shida yangu haijawahi kuwa sheria ya kuotea. Shida ni watu wazima. Mwaka jana kocha mmoja, ambaye sitamtaja, alinifuata hadi katikati ya uwanja mbele ya watoto akaniuliza ni nani aliyeniacha nitoke jikoni. Nilimwomba arudi kwenye benchi lake, akakataa, nikaushika mpira mkononi nikasimama kimya. Watoto wenyewe ndio waliomwambia, "Kocha, toka tucheze." Tangu siku hiyo, kabla ya kuanza, nawaita makocha wawili na manahodha, nawaambia kwamba atakayezungumza nami ni nahodha tu, na wazazi wote nawaweka upande mmoja, mbali kidogo na mstari.

Kitu cha kwanza ninachofanya nikifika uwanjani ni kutikisa magoli. Magoli yetu ni miti iliyosimikwa na wazazi, na baada ya mvua udongo hulegea, kwa hiyo naishika nguzo kwa mikono miwili na kuisukuma. Ikicheza, hakuna mechi mpaka ishindiliwe mawe. Mtoto akining'inia kwenye mwamba wa goli lililolegea, linaweza kumwangukia. Msimu wa mvua huku kwetu una radi nyingi pia. Nikisikia ngurumo napuliza filimbi, nawaondoa watoto wote, wala siwaruhusu kujikinga chini ya mikaratusi, na hatuanzi tena mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo, hata kama wazazi wananung'unika kwamba wana safari.

Mwalimu wa Zamu (Mbeya mjini)

Nawashukuru wote, ila napingana nanyi kidogo. Marekani wana AYSO, ambayo tangu mwaka 1964 imeendesha mpira wa watoto kwa kuwategemea wazazi wanaojitolea, wakiwemo wanaopuliza filimbi, lakini wale hupewa mafunzo kwanza. Sisi tunampa mzazi filimbi asubuhi na kumlaumu mchana. Nashauri wazazi mchange, muwaombe viongozi wa waamuzi wa wilaya wawapatie mkufunzi wa siku moja, na darasa hilo liwachukue pia vijana wa sekondari, ambao wana pumzi kuliko sisi na hawana mtoto uwanjani.

Baba wa Namba Saba (Uyole, Mbeya)

Ahsanteni sana. Mwalimu, hoja ya mkufunzi nitaipeleka kwenye kikao cha Jumapili, ingawa kwa vijana nina wasiwasi: kama kocha mzima alimfuata Mama Watatu katikati ya uwanja, kijana wa miaka 16 atafanywaje? Pengine wakianza, mzazi mmoja asimame karibu nao.

Jana usiku nilimweleza mwanangu kwamba ilikuwa penalti na kwamba niliogopa. Aliendelea kula kwanza, kisha akasema kwamba angepiga kushoto, na kipa wao asingeifikia. Jumamosi nitachezesha mechi ya pili, ambayo hayumo, naye ameniomba aje kushika kibendera. Kipenga Mstaafu, naomba jambo moja la mwisho: filimbi yangu ilikuwa inakwama na kutoa mlio hafifu. Ni baridi?

Kipenga Mstaafu (Iringa)

Ni mate, ndugu yangu, yameigandisha ile punje ya ndani. Tafuta filimbi isiyo na punje. Na kibendera mpe, lakini cha mpira unaotoka nje tu.