Mwanangu ana madoadoa na macho hayavumilii jua, naomba ushauri

Ndugu zangu habari. Binti yangu ana miaka 4. Alianza na madoadoa meusi usoni na mikononi, kama amerushiwa unga wa kahawa. Ukimfunua tumboni ngozi ni safi kabisa. Akitoka nje mchana anafumba macho, machozi yanamchuruzika, anajificha kwenye khanga yangu. Zahanati walimpa dawa ya fangasi karibu mwaka mzima. (Bibi yake naye alishaleta mganga, hiyo tuiache.)

Wiki mbili zilizopita daktari wa ngozi katuambia ni xeroderma pigmentosum. Sio ualbino: rangi anayo, ila seli zake hazirekebishi vizuri madhara ya mionzi ya jua, hivyo saratani ya ngozi na hata ya macho inaweza kumpata akiwa bado mdogo. Hali hii imetoka kwangu na kwa baba yake, sote tumeibeba bila kujua. Dawa ya kuiponya hakuna, ni kumkinga tu.

Wenye uzoefu, miwani ya mtoto inayozuia mionzi kweli, sio ya urembo, mnapata wapi? Madirisha mmebandika tinti gani? Mafuta ya Kilisun ya kukinga jua, yanayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa watu wenye ualbino, na yeye anaweza kupewa? Na shule mmefanyaje? Januari anatakiwa kuanza chekechea, na mstarini wanasimama juani saa 2 asubuhi.

Jana kauliza kwa nini wenzake wako nje. Nikamwambia tutacheza jioni. Jua kuzama tu, kaja na viatu mkononi.