Naomba ushauri: nimeondoa seli T za CD4, uvimbe ukasinyaa badala ya kukua

Habari za kazi wakuu. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu namna seli za kinga zinavyosaidiana kushambulia saratani kwa panya wa maabara. Nilipandikiza seli za MC38 (saratani ya utumbo mpana ya panya) chini ya ngozi ya panya wa aina ya C57BL/6, ubavuni nilipowanyoa manyoya, na kila baada ya siku mbili napima uvimbe kwa kalipa.

Ninavyoelewa, seli dendriti (za kinga) hubeba vipande vya uvimbe hadi kwenye tezi za limfu. Huko seli T za CD4 (wasaidizi) huziamsha dendriti hizo kupitia CD40, kipokezi kilicho juu ya dendriti, nazo dendriti huzipa seli T za CD8 (wauaji) nguvu ya kuua. Nikaondoa CD4 kwa GK1.5, kingamwili inayoshika CD4, nikitegemea uvimbe ukue haraka. Kumbe ukasinyaa! Nashuku nimefagia pia seli T dhibiti (zinazotambulika kwa protini ya Foxp3), ambazo nazo hubeba CD4 na kazi yake ni kuishikia kinga breki.

Mliopitia hili, nitatenganishaje wasaidizi na wadhibiti bila panya wa Foxp3-DTR (waliobadilishwa jeni ili seli dhibiti pekee ziweze kuuawa kwa sumu ya dondakoo), maana hatuna? Nizuie CD40L (molekuli ya wasaidizi inayoshika CD40), au nibadilishe siku ya kuanza dozi? Nimebakiwa na panya 12 tu, na sitaki hata mmoja apotee bure.