Nameza dawa za kifafa, mama mkwe anataka nimwachishe mtoto ziwa

MamaPendo_Moro
Habari zenu jamani. Nina binti wa wiki tatu, mtoto wangu wa kwanza. Nina kifafa tangu darasa la sita, nameza kabamazepini ya miligramu 200, kimoja asubuhi kimoja jioni. Mimba yote nilimeza, sikuanguka hata mara moja.

Kasheshe imeanza nilipotoka hospitali. Mama mkwe ndiye aliyekuja kuniuguza uzazi, akaviona vidonge kwenye mkoba wa kliniki. "Kumbe mtoto ananyonya dawa ya kifafa, ndiyo maana analala hivi!" Juzi naamka nakuta ameshanunua nusu lita ya maziwa ya ng'ombe kwa jirani, kayachemsha, kayapoza, na kijiko kipo pembeni. Nikayanywa mimi.

Daktari alisema ninyonyeshe. Muuguzi wa zahanati ya hapa mtaani anasema nichague, dawa au ziwa. Kopo la gramu 400 la maziwa ya unga halimalizi wiki, na mume wangu ni kibarua wa ujenzi. Nawaza niache vidonge mpaka mtoto afikishe miezi sita. Nani ameshapita hapa?

Shangazi_Muheza
Mwanangu, hilo la kuacha vidonge lifute leo hii.

Mimi nililifanya. Mtoto wangu wa kwanza nilimnyonyesha huku nameza fenobabitoni, dawa nyingine ya kifafa, na kweli alikuwa mlegevu: unampa ziwa, anavuta mara tatu, amelala. Kwenye kadi ya kliniki mstari ukawa umelala kama yeye. Badala ya kurudi kwa daktari nikajifanya mjanja, nikaacha dawa kimyakimya. Siku ya nne nikaanguka jikoni, mkono juu ya jiko la mkaa. Mtoto alikuwa mkekani chumbani, hilo namshukuru Mungu. Kovu ninalo, linaanzia kwenye kiwiko.

Daktari hakunikataza kunyonyesha. Alipunguza dozi, akaniambia nimwamshe mtoto kila baada ya saa mbili kwa kumsugua nyayo, na nimpeleke kupimwa uzito kila wiki. Pia alinionya nisimkatishe ziwa ghafla, maana mtoto aliyeizoea ile dawa tangu tumboni akiikosa ghafla hutetemeka na kulia bila kunyamaza.

Na usingizi, mwanangu! Ukikesha wiki nzima, kifafa kinakujia hata kama dawa umemeza. Kamua maziwa jioni, baba yake ampe kwa kikombe usiku mara moja, wewe ulale. Unyonyeshe umekaa chini mkekani, si kwenye kiti, na usimwogeshe ukiwa peke yako.

dogo_wa_Handeni
Kuna mzee huku anatibu kifafa kwa mizizi, siku saba tu umepona.

Shangazi_Muheza
Namjua. Ameshakula mbuzi wawili wa baba yangu.

mfamasia_wa_zamu
Dada, kabamazepini huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo, na wanaoitumia kwa kawaida wanaruhusiwa kunyonyesha. Tena mwanao ameshaishi nayo miezi tisa tumboni, na huko alikuwa anapata zaidi ya anayoipata sasa. Habari ya kumeza kisha kusubiri saa kadhaa ndipo unyonyeshe haisaidii sana hapa, maana dawa hii iko kwenye damu yako mchana na usiku.

Mwangalie macho na ngozi visiwe vya manjano, na awe na nguvu ya kuvuta ziwa. Ukiona manjano au ulegevu, mpeleke siku hiyohiyo. Je, uzito wake ukoje? Maziwa ya ng'ombe asipewe mpaka atimize mwaka.

Jambo moja watu hulisahau: dawa hii hupunguza nguvu ya vidonge vya majira, na ya kijiti pia. Ukifikiria uzazi wa mpango, ulizia sindano au kitanzi.

MamaPendo_Moro
Shikamoo shangazi, na asante mfamasia. Alizaliwa na kilo 3.1, jana kapimwa 3.6. Macho meupe, na ziwa analivuta mpaka naumia. Kulala kwake ni kwa kichanga tu, njaa ikimshika mtaa mzima unajua.

Dawa siachi. Nimemwomba mama mkwe tuende naye kliniki Jumatatu amsikie daktari mwenyewe. Amekubali, ila kasema anakwenda kumuuliza na yeye maswali yake.

Sasa hilo la kijiti limenikata maini. Niliwekewa wodini kabla sijaruhusiwa, mkono wa kushoto, na hakuna aliyeniuliza nameza dawa gani. Mfamasia, kitolewe, au nisubiri kwanza hiyo Jumatatu?

mfamasia_wa_zamu
Usikitoe, subiri Jumatatu. Nenda na boksi la vidonge na kadi zote mbili, na mpaka hapo mzee atumie kondomu.