Mrejesho: diski za seva ya skuli zimeonekana

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza kwa nini AlmaLinux 8 (mfumo endeshi wa Linux) haioni diski hata moja kwenye seva kongwe ya skuli yetu, Chake Chake, yenye kadi ya PERC 6/i (kadi ya RAID ya Dell inayosimamia diski), ilhali kadi yenyewe inaziorodhesha vizuri inapowaka.

Aliyesema kadi ni nzima kapatia. Chipu yake, LSI 1078, iliondolewa kwenye megaraid_sas, draiva ya Linux inayoendesha kadi hizi, toleo la 8 lilipotoka. Nilishusha diski ya draiva (faili lenye draiva ya ziada) ya ELRepo, hazina ya draiva za Linux, inayolingana na toleo dogo ninaloweka, yaani namba inayofuata 8 na nukta (hili msilipuuze), nikaitia kwenye flashi, nikaongeza inst.dd, agizo la kupakia draiva hiyo, kwenye mstari wa kuwashia. Diski zote zikatokea! Kazi za walimu zimesalimika, kwa sababu mlinikataza kugusa Initialize, amri ya kadi inayofuta diski. Mungu akulipeni kheri.

Yaliyoshindikana: diski mpya ya TB 4 inasomeka TB 2 tu, ndio ukomo wa kadi hii. Na batri ya kadi, inayolinda data iliyo kwenye kumbukumbu yake, imekufa, hivyo kadi huandika moja kwa moja kwenye diski, polepole mno. Ushauri wa kulazimisha write-back (data kukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya kadi kabla ya kufika kwenye diski) sikuufuata. Umeme ukikatika, data iliyo njiani inapotea. Natafuta batri kwanza.