Betri imechoka: niichaji, nirudishe ya maji, au nihamie AGM? (ulinganisho)

Saluni_Nyeupe
Wakuu, heshima kwenu. Gari langu ni la petroli, injini ya 1.8, halina ule mfumo wa kujizima lenyewe kwenye foleni. Asubuhi stata inazunguka kwa uzito kama inabembelezwa, kisha linawaka. Likishawaka, mchana kutwa halisumbui. Likilala siku mbili tatu bila kuguswa ndiyo balaa: tik-tik-tik, hadi niunganishiwe waya na gari jingine. Betri iliyomo ni ya maji, 60Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba), imepita miaka minne.

Ushauri nilioupata umegongana. Mmoja anasema niichaji tu, itarudi. Mwingine anasema ninunue ya maji kama hiyohiyo. Wa tatu anasema nimalize ubishi kwa AGM, ile betri ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka ndani. Nisaidieni kulinganisha kabla sijatoa hela.

Fundi_Waya
Mkuu, kabla ya kulinganisha betri hakikisha kwanza mwenye kosa ni betri. Hiyo tik-tik-tik inaweza kutoka kwenye betri, terminali iliyolegea, au ethi (waya wa hasi) yenye kutu pale inaposhika bodi. Ingekuwa "tak" moja nzito, na taa hazififii, ningekutuma kwenye stata.

Anza kwa macho. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye terminali, mwagia magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji, sugua kwa brashi, kausha, kaza. Usiruhusu maji hayo yaingie ndani ya betri. Magari mengi "yamepona" hapo hapo.

Kisha multimita (kile kipimo cha umeme), iweke DC, volti 20. Pima asubuhi kabla hujawasha chochote. 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 kushuka chini tayari iko hoi. Ukikuta 10.5 hivi, seli moja imekufa, maana ndani kuna seli sita na kila moja hutoa volti 2.1. Usipime mara tu baada ya kuzima injini, utasoma chaji ya juujuu. Ukiwa na haraka, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime.

Halafu mtu apige stata huku wewe unatazama mita. Betri iliyojaa haitakiwi kushuka chini ya 9.6. Mwisho pima injini ikiwa inaunguruma: 13.8 hadi 14.7. Ukiona 12.4 na injini inawaka, altaneta (inayochaji betri injini ikiwaka) haichaji au mkanda unateleza. Hapo hata ununue betri ya dhahabu, itaisha vilevile.

Saluni_Nyeupe
Asante fundi. Terminali nimesafisha na kukaza. Asubuhi inasoma 12.3, nikipiga stata inashuka hadi 8.9, injini ikiwaka 14.2.

Fundi_Waya
Altaneta ni nzima. Lakini 8.9 hiyo usiihukumu bado, kwa sababu betri yenyewe haikuwa imejaa. Ichaji polepole kwa chaja, ampea kama sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani 6 kwa hiyo ya 60Ah. Iache itulie usiku mzima, rudia kipimo. Kuzunguka na gari nusu saa si kuchaji, altaneta haikutengenezwa kufufua betri iliyolala.

Mzee_wa_Dizeli
Kijana, betri ya maji ina faida ambayo hizi za kisasa zimewanyima: inafunguka. Tafuta haidromita (kipimo cha uzito wa asidi), pima kila seli. Seli iliyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.280. Seli moja ikiachana na wenzake kwa 0.050 au zaidi baada ya kuchaji, usihangaike tena na chaja. Vaa miwani na glovu, ile ni asidi ya salfa. Na sigara weka mbali, betri ikichajiwa inatoa haidrojeni.

Kama maji yameshuka hadi bamba za risasi za ndani zinaonekana, ongeza maji yaliyokenekwa (distilled water) mpaka yazifunike tu, kisha chaji, ndipo ufikishe kwenye alama. Usiongeze asidi. Kinachopotea kwa joto ni maji.

Nukta_Volti
Kuna kitu hakijaguswa: kwa nini linakufa likilala? Huenda kuna kifaa kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa. Chomoa waya wa hasi, pitisha multimita katikati ya waya na terminali kwenye tundu la 10A, funga gari, subiri. Kompyuta za gari zinachukua muda kulala, mengine hata nusu saa na zaidi. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Na tafadhali usipige stata mita ikiwa pale, utaunguza fyuzi yake.

Fanya hesabu uone. Ampea 0.03 kwa saa 24 ni 0.72Ah; kwa siku tatu haifiki hata 3Ah, betri ya 60Ah haitakiwi kustuka. Lakini taa ya buti isiyozima au redio iliyofungwa vibaya ikinyonya 0.4 inakula karibu 10Ah kwa siku. Hapo utabadilisha betri kila mara na kulaumu muuzaji.

Saluni_Nyeupe
Majibu, wakuu. Unyonyaji ni 0.03. Baada ya kuchaji na kulala, betri inasoma 12.5, ila stata bado inaishusha hadi 9.2. Haidromita: seli tano ziko 1.250, ya tatu kutoka upande wa chanya ni 1.190.

Mzee_wa_Dizeli
Basi. Seli moja imewaangusha wenzake. Msiiombee.

Fundi_Waya
Na wasomaji wengine watazame hiyo 12.5. Ukipima volti peke yake unasema betri nzuri, unaanza kufungua stata bure. Ukweli umetoka ilipobebeshwa mzigo. Chaguo la kuichaji limefungwa, sasa ulinganisho wenyewe.

Nukta_Volti
Kwa ufupi niujuavyo.

Ya maji ya kawaida ni rahisi kuipata, ni nafuu, inavumilia altaneta inayochaji kupita kiasi kwa sababu utaongeza maji. Inataka uikumbuke, lakini. Ukiinamisha inamwaga.

Ile tunayoiita kavu si kavu. Ndani ni asidi ya maji vilevile, ila bamba zimechanganywa kalsiamu, hivyo hupoteza maji kidogo sana na hujimaliza polepole ikikaa. Haipendi kuishiwa kabisa. Na maji yakiisha kwa joto, hakuna pa kuongezea.

EFB ni ya maji iliyoimarishwa kwa magari ya kujizima kwenye foleni, inavumilia kushuka na kupanda mara nyingi.

AGM asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo. Hutoa umeme mwingi kwa mpigo, hupokea chaji haraka, haijali mtikisiko kama nyingine, haimwagi. Adui yake ni joto na volti za juu. Ikipikwa muda mrefu kwa volti 15 inakauka na ndiyo mwisho wake. Ni moja ya sababu magari mengi yaliyotoka nayo kiwandani huiweka kwenye buti, mbali na injini.

Kwa Saluni: kavu nzuri inakutosha. AGM hapo utalipia uwezo ambao gari lako haliuombi.

Msafiri_Usiku
Sikubaliani na hilo la mwisho kwa kila mtu. Mimi nina friji ndogo na taa zinazofanya kazi injini ikiwa imezimwa. Betri za kawaida zilikuwa hazikai. AGM inastahimili kushushwa vile. Swali si gari tu, ni unachokitundika kwenye gari.

Nukta_Volti
Hapo sawa, ndugu. Yeye hakusema ana friji.

Msafiri_Usiku
Kweli. Ila andika na upande wa pili: gari lililotoka na AGM usilishushe kwenye ya maji kwa kubana matumizi. Na mengine lazima kompyuta iambiwe kuna betri mpya, la sivyo linaendelea kuichaji kana kwamba ni kuukuu.

Dada_Spana
Mmeongea aina, hamjaongea kipimo, na huko ndiko watu wanarudisha betri dukani. Kaka Saluni, soma betri ya zamani. Ikiandikwa mfano 55D23L, hiyo 23 ni urefu wake kwa sentimita, na herufi ya mwisho inaonyesha terminali ziko upande gani. Ukikosea L na R, waya hazitafika, au utalazimisha na kugeuza chanya na hasi. Angalia pia unene wa terminali, kuna nyembamba na nene.

Ah ikizidi kidogo hakuna tatizo mradi betri inaingia kwenye kitako chake. CCA, nguvu ya kuwasha penye baridi, isiwe chini ya ile ya kiwandani. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Iliyokaa rafuni mwaka mzima iache huko. Nenda na multimita yako, chini ya 12.4 omba nyingine.

Kufunga: zima kila kitu, andika namba ya siri ya redio kama ipo. Hasi inatoka kwanza, kwa sababu spana ikigusa bodi huku unafungua chanya na hasi bado imeshika, utaona cheche usizozisahau. Kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Kile chuma cha kubana betri msikitupe, inayocheza bamba zake hupukutika mapema. Paka vaselini kwenye terminali ukishakaza.

Saluni_Nyeupe
Nachukua kavu, 60Ah, terminali kama za zamani. Hii mbovu nifanyie nini? Kuna mtu anataka animwagie asidi auze bamba.

Dada_Spana
Asimwage. Risasi iliyomo kwenye asidi hiyo ikiingia ardhini haitoki. Mpelekee muuzaji wa betri kama ilivyo, imesimama wima, wengi wanapokea kwa ajili ya kuyeyusha risasi upya, na wengine wanakupunguzia bei ya mpya. Ulizia kabla hujalipa, ukishalipa hawakumbuki.